Mkono Begani

Kabla ya maumivu nilisikia mlio. Mpiga drams husikia kila kitu kwanza kama mlio, hata kile kinachomuua, na mfupa wa kifundo cha mkono wangu wa kushoto ulipovunjika ulitoa sauti kavu, fupi, ile ile inayotoka kijiti kinapogonga ukingo wa chuma badala ya ngozi ya ngoma. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya kinyozi, shavu langu juu ya nywele za watu nisiowajua, na nikajiambia: hiyo imetoka vizuri. Ndipo maumivu yakafika.

"Huu hapa!" kinyozi alikuwa anapiga kelele juu yangu. "Mkono wenyewe huu hapa! Na plasta yake hii hapa!"

Alikuwa ameshika kibao, kile anachokilaza juu ya mikono ya kiti ili watoto wafikie kioo. Mimi mwenyewe nilikikalia nikiwa mdogo, nikilia nisinyolewe, naye akinibembeleza kwa peremende. Sasa alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni. Nyuma yake, pale kwenye kioo, kati ya picha za mitindo ya nywele, alikuwa amebandika jalada la jarida la dada yangu. Chiriku, mwimbaji wa bendi yetu, alinitazama kutoka ndani ya fremu nyeusi. Chini yake neno moja: AMETUACHA. Na begani pake, vikiingia kutoka ukingoni mwa picha, vidole vinne vya mtu asiyeonekana, kimoja kimefungwa plasta.

Kibao kikashuka tena, na safari hii nililia.

Dada yangu alikuwa mpangaji wa kurasa katika gazeti moja la kila siku, na ukurasa aliopewa ni ule ambao wenzake wote waliukwepa: ukurasa wa matangazo ya vifo. Kila asubuhi aliletewa marehemu katika bahasha. Picha za harusi, picha za vitambulisho, picha za watu wamekumbatiana kwenye bustani. Yeye aliwakata waliosimama pembeni, akamwacha marehemu peke yake, akamzungushia fremu nyeusi, akamwandikia jina chini. Alifanya hivyo miaka na miaka. Nyumbani tulimtania kwamba ana roho ya jiwe, kazi gani hiyo ya kushinda na wafu. Alikuwa anajibu kwa utulivu, huku anakunywa chai yake, "Wateja wangu hawalalamiki."

Lakini alipenda muziki kwa namna iliyokuwa inamtesa. Magazeti yaliandika nani kamwacha nani, nani kanunua gari, nani kavaa nini. Wimbo wenyewe hakuna aliyeuandika. Siku moja aliacha kazi bila kumuaga mtu, akamchukua rafiki yake mmoja aliyekuwa mwalimu, mtu mrefu, mbishi, ambaye sisi sote baadaye tulimwita Mhariri, wakahamia kwenye stoo ya karatasi nyuma ya kiwanda kidogo cha uchapaji. Humo ndimo lilimozaliwa jarida lao, na wakaliita Sikio.

Niliwaona wakigombana juu ya kila kitu. Dada alitaka jarida liwe la mraba, ukubwa wa jalada la santuri, ili ulishike kwa mikono miwili kama unavyoishika sahani ya muziki. Mchapaji akaja juu: mraba unapoteza karatasi, mama, pembeni tunatupa tu. Dada akamwambia, "Muziki nao unapoteza muda. Umewahi kuukataa?" Herufi za jina la jarida alizichonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili, kwa kisu chake cha kukatia picha, kwa sababu herufi zote za mchapaji zilikuwa zinamkumbusha gazeti. Wino mweusi tu, basi. Hakuna udaku. Hakuna picha ya mwanamuziki amesimama mbele ya gari. Na kwenye jalada, neno moja tu, tena litoke kinywani mwa mwanamuziki mwenyewe. Mhariri alitaka vichwa vya habari vitano. Walirushiana maneno siku nzima, na nadhani kikombe kimoja, na neno likabaki moja.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya ajabu, na sijawahi kuiona mahali pengine. Nilipotoka mazoezini nilipitia pale, Dada akaniwekea ukurasa mbele na kusema, "Hebu upigie meza."

Nikaupigia. Mkono wa kulia ulifuata maandishi: palipobanana ulikwenda mbio, palipokaa aya fupi ukapunguza. Mkono wa kushoto ulishika nafasi nyeupe. Watu hudhani ngoma ni kupiga. Ngoma ni kujua pa kutopiga, na mimi hilo lilikaa kwenye mkono wa kushoto, sijui kwa nini, ndivyo nilivyoumbwa. Kama mkono ulijikwaa, Dada aliisogeza picha kidogo, au akafuta mstari, kisha tukarudia mpaka ukurasa ukacheza. Mhariri aliona ni uchawi wa watoto wa mama mmoja. Labda. Najua tu kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kupiga meza ya mbao iliyojaa gundi, dada yangu amefumba macho, anaitikia kwa kichwa.

Mkono ule ndio uliokuwa riziki yangu na jina langu. Mjini waliniita Kwato kwa sababu ya mguu unaokanyaga ngoma kubwa, lakini waliojua muziki walikuja kutazama kushoto.

Sasa nimseme Chiriku.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa fahali wawili tuliokaa zizi moja tangu utotoni. Nilimpenda, na niseme kweli, kulikuwa na siku nilitaka kumwona amelala chini hapumui. Aliimba utadhani anakunong'onezea wewe peke yako katika ukumbi wa watu mia nane, na wanawake, wazee, wauza mkaa, wote walijua kwamba anawaimbia wao. Siku ya ugomvi ilikuwa alasiri, ukumbi umefurika, jasho linatiririka ukutani. Alibadili mwisho wa wimbo bila kutuambia. Mimi sikumfuata. Akageuka, akanitazama, akabadili tena, nikamwacha tena ananing'inia hewani na sauti yake nzuri. Ndipo aliponirushia kipaza sauti. Kilinipasua nyusi, damu ikaingia jichoni, na nikaruka juu ya ngoma zangu, matoazi yakaanguka, nikamkaba koo. Tulibingirika kwenye nyaya. Alining'ata bega, nikampiga kichwa cha pua. Nilihisi ufizi wake chini ya ngumi yangu, umelowa, na nikapiga tena.

Na kipaza sauti kilikuwa sakafuni, karibu na vinywa vyetu, kiko wazi. Ukumbi mzima ulinisikia kutoka kwenye spika zote: "Nitakuua! Nakuapia, nitakuua!"

Ulimi hauna mfupa. Baada ya siku chache Chiriku alikuwa ameondoka. Hakuaga. Alichukua nguo zake na kuacha viatu. Mmoja alisema amevuka mpaka kwenda kuimba peke yake, mwingine akasema yuko kwa shangazi yake anauguza pua. Sisi hatukujua.

Toleo la kwanza la Sikio lilikuwa linasubiri jalada. Mhariri alinikalisha kwenye rundo la karatasi, akaniuliza yaliyotokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi; nilikuwa nayo mengi, mengine nimeyapanga kwa vina. Lakini nilipofungua kinywa, kilichotoka kilikuwa neno moja, tena kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Ametuacha."

Dada, aliyekuwa amewapa mgongo, akainua kichwa. "Hilo," akasema. "Hilo ndilo jalada."

Picha iliyofaa ilikuwa moja tu. Mimi na Chiriku tumesimama nje ya chumba cha mazoezi, tumecheka mpaka macho yamepotea, na mkono wangu wa kushoto uko begani kwake. Kidole cha shahada kina plasta kwa sababu vijiti hunipasua ngozi pale kila wiki. Kila aliyewahi kuniona jukwaani aliijua plasta ile. Dada akaweka rula, akaanza kunikata. Nilisimama nyuma yake nikijitazama ninavyoondoka: sikio, uso, kifua, kiwiko. Kisu kikafika kifundoni kikasimama.

"Kata na huo," nikamwambia. Sikutaka watu wanione nimemshika yule mtu.

"Mkono unabaki."

"Unaonekana kama polisi anamkamata," Mhariri akasema. "Utoe."

"Ukiutoa, huyu ni mtu aliyekwenda zake," Dada akajibu, hata hakutugeukia. "Ukibaki, kuna mtu aliyeachwa."

Alipokuwa hivyo alikuwa haambiliki hasemezeki. Akaibandika picha katikati ya karatasi nyeupe, akarudi hatua moja nyuma, akakunja uso. Picha ilikuwa inaelea. Haikuwa na mahali pa kukaa. Na hapo, nakumbuka wazi kuliko ninavyokumbuka uso wa mama yetu, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye rula na kalamu ya wino, ukachora mstari mnene mweusi juu, kulia, chini, kushoto. Hakufikiri. Alichora bila kutazama, kama unavyofunga kitufe cha shati. Picha ikatulia papo hapo.

Tuliitazama sote watatu. Mhariri, msomi, akasema imekaa sawa. Mimi, niliyekula chakula cha utoto wangu mezani penye kurasa za marehemu, niliona ni nzuri. Dada akasema, "Hebu ipigie meza." Nikaipiga: pigo moja, kisha ukimya mrefu wa mkono wa kushoto.

"Ipelekeni," akasema.

Tuliozoea kitu ndio tusiokiona. Yeye kwake fremu ile ilikuwa nyumba ya picha, basi. Lakini mjini kila mtu alijua inamaanisha nini, hata asiyejua kusoma, hasa asiyejua kusoma. Waliojua kusoma wakalisoma lile neno na kuthibitisha. Neno gani lingine tunamwandikia maiti? Jarida lilitoka asubuhi. Kabla ya jua kufika utosini, wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya maduka wanamlilia Chiriku wao. Kisha mtu mmoja akauliza: amekufaje? Na mwingine akakumbuka spika za ukumbini. Na mwingine akakitazama tena kile kidole begani, na plasta yake.

Mimi nilikuwa natoka usingizini. Sikuwa nimekutana na mtu. Nilijiona nina ndevu, nikaenda kunyolewa.

Kinyozi alinikaribisha kimya, akanifunga shuka shingoni, akaninyoa shavu moja. Niliona mkono wake unatetemeka nikadhani ni uzee. Nilikuwa nimefumba macho aliposema, polepole, "Uliwezaje kuja kukaa kwenye kiti changu?" Nilipoyafumbua, mlango ulikuwa umejaa watu, nami nikaona jalada kwenye kioo. Wa kwanza alinivuta kwa shuka ile ile. Walinipiga kwa viatu, kwa ndoo, kwa mpini wa ufagio, mwanamke mmoja niliyemjua, anayeuza vocha nje ya ukumbi, alinikwangua uso huku analia kwa sauti, "Alikuwa mtoto wetu, alikuwa mtoto wetu!" Walikuwa wanalia wote. Hilo sijalisahau. Sijawahi kupigwa na watu wenye huzuni kiasi kile. Wawili wakaukalia mkono wangu wa kulia, na ule wa kushoto wakaunyoosha sakafuni, vidole wazi, kama kitu cha kuonyesha. Na karibu na mlango, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kuwasha jiko, mtu alikuwa anauliza nani ana kiberiti.

Dada alikuja mbio na kisu cha kukatia picha mkononi, kwa sababu ndicho alichokuwa ameshika alipopewa habari. Alipasua njia kati yao. Mmoja alichanwa mkono, mwingine akampiga Dada kofi lililomtoa kitambaa kichwani, lakini alifika, akasimama juu yangu, mguu huku mguu kule.

"Yu hai!" akapiga kelele. "Wajinga nyie, Chiriku yu hai! Mmesoma vibaya! Ameacha bendi! Ameacha bendi tu!"

Kukawa kimya, kile kimya ambacho ukikikosea unakufa. Kinyozi alikuwa bado ameinua kibao. Na mzee mmoja, mteja aliyekuwa anasubiri zamu yake na ambaye hakuwa amenigusa, akasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Sasa mama, kama yu hai, mbona umemtilia fremu?"

Dada akakitazama kioo. Mimi nilikuwa chini, kati ya miguu yake, nikimwona kutoka kidevuni kwenda juu, na nilimwona anaiona. Aliitazama fremu ile kama mtu aliyekuta mwili wa mtoto wake mwenyewe mlangoni. Kisu kikaanguka, kikanipitia karibu na sikio. Si maneno yake yaliyoniokoa, hakuna aliyeyaamini. Ni uso ule. Kibao kikashuka polepole, safari hii pembeni, na yule mwenye kuuliza kiberiti hakuuliza tena.

Daktari alisema mifupa itaunga lakini vidole havitakunjuka. Alisema hivyo akiwa anatafuna kitu. Nilifungwa hogo zito la chokaa kutoka kiwiko mpaka kucha, nikalazwa karibu na dirisha, uso nusu umenyolewa na nusu ndevu, na hakuna muuguzi aliyetaka kuligusa hilo.

Chiriku alirudi. Kweli alikuwa kwa shangazi yake. Alisikia kifo chake redioni, akiwa anakaanga mayai. Nilimsikia kabla sijamwona: walikuwa wamembeba mabegani wanaimba, na kutoka kitandani nilizitambua sauti, zilikuwa zile zile za kwa kinyozi, hata ya muuza vocha. Alipoingia wodini pua yake ilikuwa bado imepinda kwa ngumi zangu. Aliutazama mkono, akashika chuma cha kitanda.

"Kwato," akasema. "Ningejua, ningekuja siku ile ile. Nakuapia."

"Ungejuaje? Ulituacha."

Alilia, na hata kilio chake kilikuwa kizuri, kikanikera. Walimpigia makofi nje alipotoka.

Kinyozi alikuja peke yake, kesho yake, na kikombe cha sabuni na wembe. "Nilikuacha nusu," akasema, haniangalii. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, akasimama. Nikamwambia amwache. Kinyozi akanipaka povu kwenye shavu la pili, akaniinua kidevu, akaushusha wembe kooni, mkono wake umetulia kabisa safari hii, na nilimtazama machoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulijua wote wawili kwamba ananinyoa shingo ambayo siku ile angeikata. Alipomaliza akanifuta, akakunja taulo, akaondoka. Hakuomba msamaha, nami sikumpa, lakini sikunyolewa na mtu mwingine mpaka alipokufa.

Yeye nilimwelewa. Niliyeshindwa kumwelewa ni dada yangu.

Alikuja wodini kila siku na uji, akaulisha mdomo wangu, na hata mara moja hakuutazama mkono. Aliuzunguka. Alizungumza na bega langu la kulia. Nilipotolewa hogo na kuona kile kilichobaki, kitu kilichojikunja pembeni kama jani lililopitiwa na moto, hasira yangu ikatafuta pa kwenda na ikaenda kwake. Chiriku niliweza kumpiga. Kinyozi niliweza kumtazama. Yeye alikuwa amenilea baada ya mama, ningemfanya nini?

Nilikwenda stoo mchana mmoja. Mhariri alikuwa kazini kwake, maana alikuwa amerudi kufundisha. Nakala zilizobaki za Sikio zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka karibu na dari, Chiriku juu ya Chiriku juu ya Chiriku, na begani kwa kila mmoja mkono wangu mzima. Nikachukua rundo, nikaliburuta mpaka kwenye mashine ya kukatia karatasi, ile yenye upanga mrefu na mpini wa chuma. Nilitaka kuzikata zote ziwe vipande vya kuwashia moto. Lakini mashine ile inataka mikono miwili. Mmoja unabana karatasi, mwingine unashusha mpini. Nilibana kwa kiwiko, zikateleza. Nilibana kwa tumbo, upanga ukashuka mshazari ukakwama. Niliupiga teke mguu wa mashine mpaka kidole kikavuja damu, natukana, nalia, naupiga tena.

Dada alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

Alikuja, akaziweka karatasi sawa, akazibana kwa mkono wa kulia. Kisha akaulaza mkono wake wa kushoto juu yake, ukavuka alama ya kukatia, ukaingia chini ya upanga mpaka kifundoni. Vidole wazi. Kama walivyoutandaza wangu.

"Kata," akasema.

"Toa mkono."

"Kata, mdogo wangu. Tulingane."

Mpini ulikuwa mkononi mwangu. Ulikuwa wa baridi, na mzito, na ungeshuka wenyewe kama ningeulegeza tu. Sitasema sikutaka. Kwa pumzi moja nilitaka, nilitaka kuusikia mlio wake, nijue kama mfupa wa ndugu yangu unalia kama wangu. Aliniangalia. Na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, macho yake yakashuka yakautazama mkono wangu uliokufa, wote, kuanzia kiwiko mpaka kucha, hakuzunguka. Hakupepesa.

"Sasa wewe nawe," nikasema, "nikiukata huo, nani atanishikia karatasi?"

Alicheka. Ulikuwa mcheko mbaya, kama mtu anayekohoa mwiba, kisha akakaa chini na mimi nikakaa chini, tukalia pale kwenye vumbi la karatasi mpaka mchapaji akaja kuuliza kama kuna msiba. "Hakuna," Dada akamwambia. "Hakuna aliyekufa." Akainuka, akajifuta, akabana karatasi, mkono wake nyuma ya alama. Nikashusha mpini. Tulizikata zote.

Sikio lilirudi, na liliishi kuliko wengi walivyotabiri. Yeye alibana, mimi nilishusha mpini, maisha yetu yote. Alikuwa na sheria moja tu mpya, na wasanifu vijana waliokuja baadaye waliidhani ni mtindo na wakaiiga: picha haizungushiwi chochote. Picha inakwenda mpaka ukingoni mwa karatasi, wino unamchafua msomaji vidole, na ibaki hivyo. Hata fremu ya dirisha la stoo aliipaka rangi moja na ukuta. Kurasa niliendelea kuzipigia meza kwa mkono mmoja. Penye nafasi nyeupe aligonga yeye, kwa kidole, amefumba macho, na mara nyingi aliwahi kidogo.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, nilikwenda kwenye ofisi ya gazeti lile lile, dirisha la matangazo. Nilikuwa na picha kwenye bahasha. Mhariri ndiye aliyetupiga picha hiyo, mbele ya mashine, tukiwa tumezeeka. Dada mwenyewe ndiye aliyeuchukua mkono wangu siku hiyo, akauinua kwa vidole vyake viwili, akauweka begani kwake na kuniambia nikae hivyo hivyo.

Binti wa dirishani aliiweka picha kwenye mashine yake, ikatokea kwenye skrini.

"Pole sana, mzee. Tuandike amefariki, ametutoka, au vipi?"

"Ametuacha," nikasema.

Akaandika. "Na fremu, tunaweka ya kawaida?"

Niliitazama picha kwenye skrini, watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Safari hii ilikuwa mahali pake.

"Iweke," nikamwambia. "Iwe nene."

Akaiweka kwa kugusa kitufe kimoja. Picha ikatulia. Akanikata uso, akanikata kifua, akafika begani kwa dada yangu, akainamia skrini na kukunja macho.

"Mzee, kuna mkono wa mtu hapa. Umepinda hivi. Niukate?"

"Uache," nikasema. "Ni wangu."